Ba Sing Se Haikupoteza Wakati Wetu

Mhakiki mmoja amedai kwamba msimu wa pili wa katuni ya Avatar: The Last Airbender, uliotoka mwaka 2006 kwa sehemu 20, ulilegea pale mashujaa walipoingia mji wa Ba Sing Se, kwa kuwa, asema, mapambano yalisita na porojo zikatamalaki. Kwa taadhima yote, huyo amehesabu makonde akasahau kutazama nyuso.

Hebu airejee ile sehemu ya visa vya mji huo, ambamo Iroh, jemadari mstaafu aliyewahi kuuhusuru kwa siku 600 na katika vita hivyo akafiwa na mwanawe Lu Ten, apanda kilimani, aisimamisha picha ya marehemu chini ya mti, awasha vijiti vya udi, kisha auimba wimbo ule ule aliombembelezea mtoto sokoni, hata sauti ikamkatika. Na sehemu hiyo ikatunukiwa kumbukumbu ya Mako, aliyemtolea Iroh sauti, aliyefariki mwaka huo huo. Bila ya machozi hayo, usaliti wa Zuko kwa Iroh, ami yake, mwishoni mwa msimu, ungetuuma kwa lipi?

Na iwapo ni makonde tu ayatakayo, basi amtazame Toph, binti kipofu aionaye dunia kwa nyayo: ilhali wapiganaji wengi watawalao udongo hufuata mtindo wa kung fu uitwao Hung Gar, yeye hupigana kwa ule wa Vunjajungu wa Kusini, na tofauti hiyo yadhihirika miguuni kwa kila mwenye subira ya kutazama.