Mwandikie Askari Wako kwa Mkono Wako



Mwezi wa Oktoba mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia nchi yetu. Yaliteka sehemu iliyo kaskazini ya mto Kagera. Yalivunja daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba tutapigana. Askari waliondoka. Mgambo nao waliondoka. Wengi walikuwa wakulima kama sisi. Waliacha jembe, wakashika bunduki. Tarehe 11 Aprili 1979 majeshi yetu yaliingia Kampala. Mapigano yalikwisha mwezi wa Juni.

Nyumbani watu walisikiliza redio. Redio ilitoa habari za jeshi zima. Lakini haikuweza kumwambia mama mmoja kama mwanawe ni mzima au mgonjwa. Habari hiyo mama aliisubiri kwa barua.

Sasa tufikiri juu ya mama asiyejua kusoma. Barua ya mumewe imefika kutoka vitani. Anaipeleka kwa jirani ili asomewe. Mume ameandika kwamba usiku anaogopa. Ameandika pia mahali alipoweka akiba ya fedha. Jirani amesoma yote. Kesho yake kisimani kila mtu anajua. Mama akitaka kujibu, anamwita mtoto wa shule amwandikie. Je, atamwambia mtoto huyo mambo ya ndani ya nyumba? Hawezi. Atasema tu, "Andika kwamba tunamsalimu sana." Barua itakwenda tupu kama debe.

Kwa sababu hiyo naiheshimu sana kazi ya kisomo ya miaka ile. Mwaka 1967, katika kila watu wazima 100, watu 67 hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1977 walibaki 27. Vita ilipokuja mwaka uliofuata, watu wazima wengi waliweza kuandika barua zao wenyewe. Naamini kalamu zile zilisaidia kushika nyumba nyingi zisivunjike.

Wapo wanaosema, "Hayo ni ya zamani. Leo kuna simu. Kisomo cha nini?" Mimi sikubaliani nao. Hata leo vijana wetu huenda mbali. Mwaka 2013, kwa mfano, askari wa Tanzania walipelekwa mashariki ya Kongo chini ya Umoja wa Mataifa. Askari hawezi kupiga simu kila wakati. Pengine anapata nafasi ya kutuma maneno machache tu ya kuandika. Maneno hayo atakusomea nani? Ukimpa mtu mwingine simu yako akusomee, umerudi kwa jirani yule yule. Tena sauti hupita, lakini maandishi hukaa. Unaweza kuyasoma tena usiku, watoto wakiwa wamelala.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Wazee wengine husema, "Askari asiambiwe habari mbaya. Atavunjika moyo." Nawaheshimu wazee wetu, lakini hapa sikubaliani nao. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Ukimficha, ataambiwa na mwenzake aliyetoka likizo. Tena ataambiwa vibaya. Toka siku hiyo hataamini barua zako. Ukimwandikia "sisi ni wazima," atauliza moyoni, "Wananificha nini tena?" Shaka hiyo humwumiza kuliko habari yenyewe.

Basi mwambie kweli, lakini kwa utaratibu. Kwanza sema lililotokea. Pili sema mlilofanya. Tatu sema hali ilivyo sasa. Kwa mfano:

"Baba watoto, salaam sana. Mtoto wetu mdogo aliugua homa wiki iliyopita. Nilimpeleka zahanati, akapewa dawa. Sasa anakula uji na kucheza. Mbuzi mmoja nilimwuza kwa ajili ya safari hiyo. Mahindi yamestawi. Tunakuombea. Mimi mkeo."

Barua hii ni fupi. Hata mwanafunzi wa kisomo anaweza kuiandika. Lakini mume akiisoma atajua kwamba nyumba yake ina mtu. Atajua pia kwamba hafichwi.

Iko siri moja ya kutunza. Usimwulize askari yuko wapi, au wako wangapi, au watakwenda lini. Hizo ni siri za jeshi. Akikuambia kwa bahati mbaya, usizitangaze. Mwulize afya yake. Mwulize kama anapata usingizi. Hayo yanatosha.

Ndugu zangu, najua jioni mmechoka. Shamba limewachosha, na kuni, na maji. Lakini msiache darasa. Mtu asiyeandika barua yake mwenyewe humwazima mwingine moyo wake. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na kalamu ni rafiki wa namna hiyo. Jifunze kuishika leo, kabla ya siku ya shida.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini barua ya mama asiyejua kusoma "ilikwenda tupu"?
2. Je, askari aambiwe habari mbaya za nyumbani? Toa sababu zako.
3. Andika barua ya mistari mitano kwa ndugu yako aliye mbali.