Mkojo Tunao, Tunangoja Nini?

Wadau, sisi waandishi nasi tuna ugonjwa wetu. Tukisikia tu "wanasayansi wagundua kipimo kipya" tunakimbilia kibodi kabla hata ya kumaliza aya ya pili. Safari hii nazungumzia lupasi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inamgeuka mwenye mwili. Wengi wenu mliusikia mwaka 2017, Selena Gomez alipotangaza kwamba amepandikizwa figo kwa sababu yake.

Mgonjwa wa lupasi hutengeneza kingamwili zinazoshambulia mwili wake mwenyewe, hata DNA yake. Kwa miaka mingi zimekuwa zikitafutwa kwenye damu. Tabu ni kwamba damu inasimulia habari za mwili mzima. Kuna watu kingamwili zao ziko juu na figo ni salama, na kuna wengine figo zinaungua huku damu inaonekana shwari. Ili kujua kwa hakika, daktari anapenyeza sindano mpaka kwenye figo na kunyofoa kipande kidogo, ndiyo biopsi hiyo. Nani anataka kuchomwa hivyo kila baada ya miezi mitatu?

Ndiyo maana watafiti wamegeukia mkojo. Kingamwili ni kubwa, figo nzima haziachii zipite kirahisi. Ukizikuta nyingi kwenye mkojo, ama chujio limeharibika zikavuja kutoka kwenye damu, ama zinatengenezwa humo humo kwenye figo na seli za kinga zilizopiga kambi. Wazo zuri kabisa, silipingi. Ila hiyo "ama" ndiyo yenye kesi. Chujio linaweza kuvuja kwa sababu ya kovu la zamani, si moto wa leo. Kovu halihitaji dawa kali za kushusha kinga, moto unazihitaji haraka. Mpaka sasa hakuna kipimo cha kingamwili za mkojo kilichoiondoa biopsi kwenye miongozo ya matibabu. Kwa hiyo wanaoandika kwamba sindano imestaafu, jamani, punguzeni mwendo.

Lakini kinachoniudhi zaidi si hicho. Ni kwamba tunashangilia mkojo wa kesho wakati wa leo tunaumwaga. Hebu niambieni, kuna watu wanaopimwa mkojo kama sisi? Homa, mkojo. Tumbo, mkojo. Uchovu, mkojo. Halafu majibu ni yale yale: UTI, na taifodi juu yake kama nyongeza. Kile kijiti kinachochovywa kina kiboksi cha protini na kiboksi cha damu, vinabadilika rangi ndani ya dakika chache. Binti wa miaka 25 ana vipele usoni, viungo vinauma, nywele zinanyonyoka, miguu imevimba, kiboksi cha protini kimegeuka kijani, naye anatoka na antibayotiki za siku saba. Mwezi ujao anarudi, anapewa nyingine!

Kuna na ule uzushi kwamba lupasi ni ugonjwa wa Wazungu. Marekani na Uingereza, wanawake wenye asili ya Afrika wanaugua zaidi kuliko Wazungu, na figo zao huumia zaidi. Katika kila wagonjwa kumi, tisa hivi ni wanawake, wengi wakiwa katika umri wa kuzaa. Ati bahari tu ndiyo inayotukinga sisi tuliobaki huku? Usichokipima hukioni, ukishindwa kukiona unaandika "nadra".

Nami sidai mashine ya mabilioni. Nadai kiboksi cha protini kisomwe na kuandikwa kwenye cheti. Kikigeuka rangi, mkojo urudiwe, protini ipimwe dhidi ya kreatinini, na presha iangaliwe. Mwenye lupasi tayari afanyiwe hivyo kila anapokwenda kliniki, hata kama hajisikii vibaya, maana figo huanza kuharibika kimya kimya. Protini ikifika nusu gramu kwa siku, hapo ndipo mazungumzo ya biopsi huanza, si mpaka macho yavimbe.

Wahariri nawajua, watasema kijiti cha mkojo hakiuzi gazeti. Sawa, wekeni picha ya Selena Gomez.