Mitaro Isingoje Mvua

Masika huja kila mwaka kwa wakati wake. Hakuna mkazi wa Dar es Salaam asiyejua kwamba Machi hadi Mei ni miezi ya mvua, na kwamba kuanzia Oktoba huja vuli. Hata hivyo mvua hutukuta kila mara kama mgeni asiyetoa taarifa. Barabara za mitaa hugeuka mito, maji huingia majumbani, na mfanyakazi hukunja suruali na kubeba viatu mkononi ili awahi kazini.

Jambo hili si la mzaha. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini. Ni kweli kwamba mafuriko makubwa yana sababu nyingi: mto Msimbazi kujaa mchanga, nyumba kujengwa mabondeni, na mvua kuzidi kipimo. Lakini maji yanayosimama mtaani baada ya mvua ya saa moja, mbali na mto wowote, mara nyingi sababu yake haihitaji mtaalamu. Mtaro umeziba.

Hasara yake haiishii kwenye matope. Maji yakikosa njia hupenya chini ya lami na kulainisha udongo unaoibeba. Lori likipita, lami hupasuka na shimo huzaliwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twasema, asiyezibua mtaro atajenga barabara upya. Mradi wa DMDP, ulioanza mwaka 2015 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, umejenga barabara na mitaro katika jiji hili. Mkopo hulipwa na wananchi. Kuiacha mitaro hiyo ijae mchanga ni kuwalipisha wananchi mara mbili.

Je, kazi hii ni ya nani? Hapo ndipo penye fundo. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za mitaa, zilizokuwa mikononi mwa halmashauri, tangu mwaka 2017 zinatunzwa na TARURA. Lakini uzoaji wa taka umebaki kwa halmashauri. Basi mtaro ni wa huyu, na taka zilizomo ni za yule. Matokeo yake twayaona: vibarua huchimbua tope na kulirundika ukingoni, kisha huondoka. Gari la kulizoa halifiki. Mvua ya kwanza hulirudisha tope mtaroni, nayo kazi imekwisha kulipiwa.

Hatuna budi kusema wazi kwamba mwananchi aliyefikwa na maji hana haja ya kujua mipaka ya ofisi. Twataka mambo matatu. Kwanza, mitaro na makalavati yote yazibuliwe kabla ya Machi, na tena kabla ya Oktoba, wala si siku maji yanapokuwa magotini. Pili, tope lizolewe siku ile ile linapotolewa, na mkandarasi asilipwe mpaka ukingo uwe safi. Tatu, kila ofisi ya Serikali ya Mtaa ibandike ukutani orodha ya mitaro yake, jina la ofisi inayowajibika, na tarehe uliposafishwa mara ya mwisho. Jambo hili la tatu gharama yake ni karatasi, nalo litawapa wananchi nguvu ya kuuliza.

Wananchi nao wasijitoe lawamani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, lakini chupa, viroba na maganda bado hutupwa mitaroni, na wengine hungoja mvua ili waifanye kuwa gari lao la taka. Taka hizo huenda kuzama katika nyumba ya jirani. Ila haki yataka tuseme pia kwamba mama lishe asiyeona gari la taka kwa majuma mawili hawezi kubebeshwa lawama peke yake.

Ndugu zetu viongozi wa mitaa, kata na halmashauri, msingoje mawingu. Kiangazi ndio wakati wa koleo na toroli. Mvua ikisha kunyesha, kinachobaki ni kuhesabu hasara, na hesabu hiyo tumeifanya mara nyingi mno.