Mji wa Wikipedia na Wahariri Wasiouliza

Mwezi Mei mwaka 2012, vyombo vya habari vya Uingereza vilipata habari tamu: Monmouth, mji mdogo wa Wales wenye wakazi wapatao elfu kumi, ulikuwa umekuwa mji wa kwanza wa Wikipedia duniani. Septemba, vyombo hivyo vikapata habari chungu: Roger Bamkin, mjumbe wa bodi ya Wikimedia UK, shirika la hisani linaloiunga mkono Wikipedia nchini Uingereza, na mmoja wa waliousukuma mradi wa Monmouth, alikuwa amejiuzulu katikati ya mjadala mkali kuhusu mkataba wake wa ushauri wenye malipo na mradi kama huo huko Gibraltar. Mei ilikuwa shangwe, Septemba ikawa laana. Nasema mapema ili msomaji ajue nilipo: magazeti yalikosea mara zote mbili, na kosa la Mei ni kubwa kuliko la Septemba, kwa sababu ndilo lililolizaa.

Kwanza mradi wenyewe, maana wengi waliousifu na wengi waliouponda hawakuueleza. Monmouthpedia ilizinduliwa tarehe 19 Mei. Zaidi ya misimbo 1,000 ya QR ilibandikwa mjini, mingine kwenye vibao vya kauri ukutani, mingine kwenye vioo vya maduka. Halmashauri ya Monmouthshire ikaweka intaneti ya bure bila waya. Mgeni anaelekeza kamera ya simu kwenye kibao, na makala ya Wikipedia kuhusu jengo lile inafunguka. Mfumo unaofanya kazi hiyo, QRpedia, ulibuniwa mwaka 2011 na Bamkin pamoja na Terence Eden, na ulitumika kwanza katika jumba la makumbusho la Derby. Uzuri wake ni kwamba huiuliza simu inatumia lugha gani, kisha hutafuta makala ya lugha hiyo. Simu iliyowekwa Kiswahili italetewa makala ya Kiswahili, ilimradi kuna mtu aliyeiandika.

Hapo kwenye kuandika ndipo penye kazi. Chukua Shire Hall, jengo la uwanja mkuu wa mji. Mbele yake imesimama sanamu ya Charles Rolls, mmoja wa waasisi wa Rolls-Royce, aliyefariki mwaka 1910 ndege yake ilipoanguka Bournemouth; mkononi ameshika mfano wa ndege. Ndani ya jengo hilo ndimo alimohukumiwa John Frost, kiongozi wa vuguvugu la Chartist lililodai haki ya kupiga kura. Mwaka 1840 alihukumiwa kifo cha kikatili, kisha adhabu ikabadilishwa akapelekwa uhamishoni ng'ambo ya bahari. Kibao cha kauri hakijui lolote kati ya hayo. Aliyejua ni mtu aliyekaa nyumbani kwake usiku, akafungua vitabu vya historia, akalinganisha tarehe, akaweka rejea chini ya kila sentensi, akabishana na mwenzake asiyemfahamu kwa sura kuhusu neno moja, kisha akalala bila kudai malipo. Mamia ya makala mapya yaliandikwa hivyo kwa ajili ya Monmouth, katika lugha nyingi, na baadhi ya waandishi wake hawajawahi kukanyaga Wales.

Sasa rudi kwenye habari za Mei uone kilichopewa nafasi. Kibao kina picha. Diwani ana nukuu. Simu ya kisasa ina aya nzima ya maajabu. Jimmy Wales, mwanzilishi mwenza wa Wikipedia, ana sifa za kuumwagia mji. Aliyeandika makala anatajwa kwa mkupuo, "watu wa kujitolea", kama vile makala huota ukutani pamoja na ukungu. Nilizisoma nyingi nikitafuta swali moja tu la mwandishi wa habari: hizi makala zinasemaje, na ni za kweli? Sikulipata. Habari zilifanana hadi mpangilio wa aya, dalili ya wazi kwamba taarifa iliyotolewa kwa vyombo vya habari ilibadilishwa kichwa ikachapwa.

Ziko hoja za kuwatetea waandishi hao, na nitazitaja. Watetezi wao wanasema magazeti ya mikoani yamepunguza waandishi, na habari njema kuhusu mji mdogo haimdhuru mtu. Ni kweli waandishi ni wachache. Wanasema pia kwamba Septemba vyombo vya habari vilitimiza wajibu wao wa ulinzi, maana bila kelele zao asingejiuzulu mtu. Nalo lina ukweli kiasi. Tena Monmouth yenyewe imefaidika, na siionei wivu. Lakini hoja zote hizo zinapita kando ya jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Katika mradi wa Monmouth, habari za magazeti ndizo zilizokuwa faida. Halmashauri haina kazi na kamusi elezo. Ina kazi na watalii, maduka na jina la mji. Kilicholeta jina si makala kuhusu Shire Hall, ambayo msomaji wa Toronto hatahangaika kuitafuta. Kilicholeta jina ni BBC kusema kuna mji wa kwanza wa Wikipedia duniani, na wengine kote ulimwenguni kuirudia sentensi hiyo. Wingi wa habari ukahesabiwa kuwa ndio ushahidi wa mafanikio. Na mara ushahidi huo ulipopatikana, ukawa na bei, maana mji mwingine uliweza kuoneshwa na kuambiwa: hivi ndivyo mtakavyotajwa nanyi.

Gibraltar ikaona. Ni eneo dogo la Uingereza kusini mwa Hispania, lenye watu wapatao elfu thelathini, na utalii ni sehemu kubwa ya riziki yake. Viongozi wake waliposimama kuutangaza mradi wao, aliyekuwa mbele ni waziri wa utalii, na lugha iliyotumika ilikuwa lugha ya kutangaza soko. Hawakuficha kitu. Walitaka kilichotokea Monmouth kiwatokee nao, na kilichotokea Monmouth ni magazeti kuandika bila kuuliza.

Tazama basi nani alitoa nini. Wanaojitolea walitoa usiku wao. Waandishi wa habari walitoa kurasa na dakika za hewani, bure, wakiamini wanaripoti. Vitu hivyo viwili vilivyotolewa bure ndivyo vilivyoipa huduma ya ushauri thamani ya kulipiwa. Mwandishi wa habari aligeuka dalali bila kujua, na kwa kuwa hakujua, hakuona sababu ya kujiuliza nani anauza na nani ananunua. Septemba alipogundua kwamba kuna fedha, akapiga yowe la ufisadi kana kwamba fedha hiyo ilidondoka kutoka mbinguni. Ilitoka kwenye safu zake mwenyewe. Angeuliza Mei swali la kawaida ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uandishi wa habari hufundishwa, yaani nani analipia hili na anatarajia kupata nini, mkataba wa Gibraltar ungezaliwa ukiwa mwangani, na huenda masharti yake yangekuwa mengine kabisa.

Tena asingehitaji mtoa siri wala nyaraka zilizovuja. Wikipedia ni mahali ambapo kila kitendo kinaandikwa daftarini na daftari liko wazi kwa yeyote. Juu ya kila makala kuna kiungo cha historia. Bofya hapo utaona nani aliianzisha, siku gani, dakika gani, nani aliongeza sentensi na nani aliifuta. Kwenye ukurasa wa majadiliano utaona walibishana nini. Hata ile sehemu ya ukurasa wa mwanzo wa Wikipedia ya Kiingereza inayowauliza wasomaji "Je, wajua?" ina kumbukumbu zake: nani alipendekeza makala ionekane pale, nani aliikagua, ilikaa lini. Agosti, kwa mujibu wa taarifa zilizochapishwa, Gibraltar ilionekana katika sehemu hiyo mara 17. Mara kumi na saba kwa mwezi mmoja, kwa mwamba unaoweza kuuzunguka kwa miguu kabla ya chakula cha mchana, kwenye ukurasa unaosomwa na mamilioni ya watu. Mwenye macho haambiwi tazama.

Na waliotazama kwanza si wanahabari. Ni wahariri wa kujitolea wa Wikipedia, waliohoji hadharani kwenye kurasa zao za majadiliano mbona Gibraltar imezidi, na kama ni sawa mjumbe wa bodi ya shirika la hisani kuwa na mteja anayefaidika na jambo hilo. Jimmy Wales mwenyewe akasema kwa ukali kwamba kupokea malipo ili mteja afike kwenye ukurasa wa mwanzo ni jambo lisilofaa hata kidogo. Baada ya hapo ndipo magazeti yakaamka, na yalichofanya ni kunakili mjadala ule. Wale wale waliofutwa katika habari za Mei ndio waliofanya uchunguzi wa Septemba, na wakafutwa tena, safari hii wakiunganishwa na tuhuma. Vichwa vya habari vilizungumzia ufisadi ndani ya Wikipedia, kana kwamba waliofichua na waliofichuliwa ni kundi moja.

Hapa ndipo uvumilivu wangu unapokwisha. Bamkin alikana kwamba alilipwa ili kuhariri. Mkataba wake aliutangaza kwa bodi. Unaweza kusema, nami nasema, kwamba kutangaza hakutoshi, kwamba aliyekaa kwenye bodi hakupaswa kukaa pia kwenye meza ya mteja. Lakini hilo ni suala la mgongano wa maslahi, linajadilika kwa ushahidi, na tarehe 28 Septemba Wikimedia UK na Wikimedia Foundation, taasisi inayoendesha Wikipedia, zilitangaza kwa pamoja kwamba mtaalamu huru angeupitia utawala wa shirika hilo la Uingereza. Gazeti lililochapa taarifa ya Mei bila kubadilisha nukta linasubiri mtaalamu gani? Nani ataupitia mwenendo wa mhariri aliyeweka picha ya kibao bila kuisoma makala iliyo nyuma ya kibao? Hakuna bodi itakayomwita. Hata masahihisho hatachapa, maana hakuandika uongo, hakuandika chochote.

Na kwa kuwa hawakusoma, limewapita jambo zito kuliko fedha. Gibraltar inagombaniwa. Hispania iliiachia Uingereza kwa mkataba wa Utrecht wa mwaka 1713, na hadi leo inadai irudishiwe. Kila sentensi kuhusu ngome, mpaka na uwanja wa ndege wa Gibraltar ni sentensi ndani ya mzozo wa karne tatu. Sheria ya msingi ya Wikipedia ni kutoegemea upande. Serikali ya upande mmoja wa mzozo inapogharamia mradi unaozalisha makala kwa wingi kuhusu eneo hilo, swali la kwanza si mshauri kalipwa kiasi gani. Swali ni kama makala hizo zinamweleza msomaji madai ya pande zote mbili kwa haki. Huenda zinaeleza vizuri kabisa. Zinasomeka, ziko wazi, zingekaguliwa kwa siku moja. Kelele zote za Septemba zilihusu mfuko wa mtu mmoja, na swali hilo likatajwa kwa mkato au likaachwa.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuko mbali na jambo hili. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003 na kufikia 2012 ilikuwa na makala zaidi ya elfu ishirini, zilizojengwa na watu wachache mno, wengi wao wakiwa hawajapata hata mstari mmoja gazetini. Tulionja pia ladha ya msukumo wa kutoka nje mwaka 2009 na 2010, Google ilipowashindanisha kwa zawadi wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania kuandika makala za Kiswahili. Vibao vya aina ya Monmouth havitachelewa kufika kwenye miji yetu ya kale, na vikifika vitapokewa na mawaziri wa utalii, utepe utakatwa, na taarifa iliyopigwa chapa vizuri itasambazwa kwa waandishi.

Kwa wahariri wa Dar es Salaam, Nairobi, Zanzibar na Mombasa ninaomba jambo dogo. Siku hiyo ikifika, mwandishi wenu asirudi ofisini kabla hajasoma makala tano zilizo nyuma ya vibao, kuanzia neno la kwanza hadi rejea ya mwisho. Afungue historia ya kila moja aone nani aliandika. Awatafute walioandika, awaulize walipata wapi habari zao na nani mwingine anafaidika na kazi yao. Kisha amuulize waziri mkataba uko wapi. Majibu hayo yawekwe kwenye habari ya siku ya uzinduzi, juu, kabla ya picha ya utepe.