Kukosea Mpaka Hakufuti Deni la Miti

Kila msimu wa kufyeka unapofika katika pwani yetu, kutoka Kilwa hadi Mchinga, viongozi wa vijiji hukabidhiwa ugomvi wa aina moja. Mtu amefyeka pori apate kupanda ufuta, amevuka mpaka pasipo kujua, na mikorosho au minazi ya jirani imelala chini. Aliyefyeka huapa kwamba aliona pori tupu. Mwenye miti husema pori hilo ni shamba aliloachiwa na baba yake. Baada ya maneno makali, mmoja hukimbilia kituo cha polisi, na kwa maoni yetu hapo ndipo njia hupotea.

Kifungu cha 326 cha Kanuni ya Adhabu humwadhibu anayeharibu mali kwa makusudi na bila haki. Kanuni hiyo hiyo humkinga mtu aliyetenda bila nia ya kudhulumu, akiamini kwa dhati kwamba mali ile ni haki yake. Kwa hiyo aliyekosea mpaka kwa nia njema, akifikishwa mbele ya hakimu wa jinai, yumkini ataachiwa huru. Naye mwenye miti hurejea nyumbani akiamini kwamba Serikali imemnyima haki. Ukweli ni kwamba haki yake ingalipo, ila aliidai mahali pasipohusika nayo.

Mahali panapohusika ni madai. Kuingia katika ardhi ya mtu bila ruhusa na kuharibu kilichomo ni kosa la madai hata kama aliyeingia aliidhani ardhi ni yake. Waliosoma chuoni watakumbuka kwamba mafakihi nao walipita njia hiyo katika mlango wa dhamana: aliyeharibu mali ya mwenzake kwa bahati mbaya huondolewa dhambi, lakini haondolewi wajibu wa kulipa.

Je, adai nini? Kwanza, fidia ya miti. Pili, magogo, kuni na mkaa uliotokana na miti hiyo, kwani mti haubadili mwenyewe kwa kulazwa chini. Tatu, ikiwa kazi ya kufyeka inaendelea, aombe amri ya zuio kabla moto haujawashwa. Juu ya fidia, tunawasihi wazee wa mabaraza wasilitazame shina kama kuni. Mnazi wetu mrefu huchukua miaka sita hadi minane kuanza kuzaa, na baadaye huzaa kwa miongo mingi. Kumpa mwenye mnazi uzaao bei ya mche ni kumdhulumu mara ya pili. Vipo viwango vya fidia ya mazao ambavyo wathamini hutumia pale Serikali inapotwaa ardhi. Ingawa havikutungwa kwa ajili ya ugomvi wa majirani, vyaweza kuwa mwongozo mzuri kuliko makadirio ya hasira.

Wapo wanaojizuia kudai kwa sababu hawana hati. Hofu hiyo haina msingi. Mwaka 1994, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, lililotokana na mashamba yaliyogawiwa wengine wakati wa Operesheni Vijiji huko Arusha, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, nayo inaitambua haki hiyo. Hati ya hakimiliki ya kimila hurahisisha ushahidi. Haki yenyewe haikuzaliwa na karatasi.

Lakini haki hiyo ina mipaka, na kwetu mipaka hiyo inaonekana zaidi katika mahame. Familia nyingi zilihamia vijijini katika miaka ya sabini zikaacha nyuma miembe na minazi. Sheria hiyo ya 1999 ilithibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa kati ya mwaka 1970 na 1977, na kwa kawaida haki ya aliyekuwapo kabla ilikoma hapo. Anayedai miti ya mahame hana budi kuonyesha kwamba ardhi ile haikugawiwa mwingine, au kwamba kwa mila ya mahali pale mwenye mti na mwenye ardhi wanaweza kuwa watu wawili, jambo lililo la kawaida sana katika pwani hii. Mwenye kiwanja anayekata mnazi wa mwenzake uliomo humo naye ni mdaiwa.

Palipofyekwa pakiwa ni msitu wa hifadhi wa kijiji, anayedhulumiwa ni kijiji kizima. Kijiji cha Kikole wilayani Kilwa kilianza mwaka 2009 kuvuna mpingo wake chini ya cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu. Mpingo huchukua miaka sabini hadi mia kukomaa. Ekari ya ufuta wa msimu mmoja hailipi hasara hiyo.

Mashauri haya huanza kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba na miongoni mwao wanawake watatu. Baraza hilo hupatanisha tu, na tungependa mengi yaishie hapo, kwani majirani hawa watazikana. Likishindikana, huenda kwenye Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halihukumu tena. Linapatanisha, na likishindwa hutoa cheti cha kuthibitisha hivyo. Bado tunaambiwa na wananchi kwamba baadhi ya mabaraza yanatoza faini na kutoa hukumu kama zamani. Wakurugenzi wa Halmashauri wawafundishe wajumbe hao haraka, maana hukumu isiyo na nguvu humpotezea mdai muda. Siku thelathini zikipita bila usuluhishi, mdai aweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila cheti.

Muda huo ndio unaowaumiza zaidi ndugu zetu wa Songo Songo, Songo Mnara na Kilwa Kisiwani wenye mashamba upande wa bara. Mtu yuko dago kwa miezi, anarudi anakuta ufuta umekwisha kuvunwa mahali palipokuwa na mikorosho yake. Dai la ardhi yenyewe huishi miaka kumi na miwili. Dai la fidia ya miti iliyoharibiwa hufa baada ya miaka mitatu, na visiki havingoji hata hiyo mitatu. Siku ile ile arudipo, amwite mwenyekiti wa kitongoji, bwana shamba wa kata na majirani wanaopakana naye. Wavihesabu visiki, waandike aina ya kila mti na umri wake, watie saini wote, na karatasi hiyo nakala moja ibaki katika ofisi ya kijiji.