Andikeni Mwezi kwa Jina Lake

Minneapolis, Marekani
3 Machi 2025

Kwenu ndugu zangu wa Arusha mjini, nanyi wa Tengeru, Usa River, Ngaramtoni na Ngarenanyuki,

Nawaandikia juu ya jambo linaloonekana dogo mpaka siku litakapomharibia mtu safari, viza au cheti: namna tunavyoandika tarehe. Kwetu huanza siku, ukafuata mwezi, kisha mwaka, na majirani zetu wa Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi hufanya vivyo hivyo. Huku Marekani hutangulia mwezi, ikafuata siku, kisha mwaka. Wachina, Wakorea, Wajapani na Wahangari huanza na mwaka; tena Wajapani, ambao magari yao yaliyotumika yamejaa barabara zenu, katika karatasi nyingi za serikali huhesabu miaka kwa enzi ya mfalme wao, hata mwaka wetu wa 2008 kwao ukawa Heisei 20. Kila taifa linaona utaratibu wake ndio wa kawaida, na hakuna ubaya maadamu karatasi inabaki kwa wenyewe. Karatasi za Arusha hazibaki kwa wenyewe. Ombi langu ni moja, nalitaja mapema ili mwenye haraka aende na kazi zake: utaratibu wetu wa kuanza na siku tusiubadili, ila katika karatasi yoyote itakayosomwa na mtu tusiyemjua, mwezi uandikwe kwa jina.

Tufanye hesabu kwanza. Tarehe 25/7 haimpotoshi mtu, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Mmarekani akiiona atashangaa kidogo, kisha ataelewa. Tatizo liko katika siku 12 za mwanzo za kila mwezi. Miezi 12 mara siku 12 ni tarehe 144. Ondoa 12 zinazosomeka sawasawa kotekote, yaani 1/1, 2/2 na kuendelea hadi 12/12. Zinabaki 132, ambazo ni zaidi ya theluthi ya mwaka, na kila moja inaweza kusomwa kwa maana mbili zote mbili zikawa za kweli. Hapo ndipo penye hatari. Tarakimu ikikosewa kwenye bei, mtu atastuka na kuuliza. Tarehe iliyogeuzwa haimstui yeyote, kwa sababu inayopatikana baada ya kugeuzwa nayo ni tarehe halali. Msomaji hana sababu ya kuuliza, na mwandishi hana habari.

Sikukuu zetu mbili tunazoziita kwa namba zimeponea kwenye tundu la sindano: Sabasaba ni 7/7 na Nanenane ni 8/8, hivyo Mmarekani akiona bango la maonyesho ya Themi, Njiro, hata akitaka kukosea hawezi. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki nao ulikuwa na bahati ya aina hiyo. Ulisainiwa hapo Arusha 30/11/1999 na kuanza kutumika 7/7/2000. Lakini Uhuru wa 9/12 kwa msomaji wa huku ni tarehe 12 Septemba, na Mapinduzi ya 12/1 ni tarehe mosi Desemba. Siku ya Karume, 7/4, kwake ni sikukuu ya uhuru wa nchi yake mwenyewe. Azimio la Arusha, lililotangazwa 5/2/1967, linasogea hadi mwezi wa tano.

Mtu atasema hayo ni ya kuchekesha tu. Tuchukue basi lisilochekesha. Makubaliano ya amani ya Rwanda yalisainiwa Arusha 4/8/1993. Yasome kwa macho ya Kimarekani, na yanakuwa ya tarehe 8 Aprili 1993. Mauaji ya kimbari yalianza Aprili 1994. Kwa tarehe ya kweli, amani ile ilidumu miezi minane. Kwa tarehe iliyogeuzwa, ilikaa mwaka mzima. Mwanafunzi wa historia aliyeko Ohio, akipima ni muda gani pande mbili zilipata kutekeleza ahadi zao na ni muda gani mataifa makubwa yalikaa yakitazama, atatoa hukumu tofauti kabisa, na hatajua kwamba chanzo chake ni mkwaju mmoja kati ya namba mbili.

Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ililielewa hili tangu mwanzo. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliianzisha kwa azimio namba 955 la tarehe 8 Novemba 1994, ikakaa hapo Arusha katika majengo ya kituo cha mikutano cha AICC, na hukumu yake ya kwanza, ya Jean-Paul Akayesu, ikasomwa tarehe 2 Septemba 1998. Fungueni hukumu zile: siku kwa tarakimu, mwezi kwa jina, mwaka kwa tarakimu. Katika kesi ambamo suala lilikuwa mtuhumiwa alionekana wapi tarehe saba Aprili, na shahidi anasema Kinyarwanda, wakili Kifaransa na jaji Kiingereza, nani angethubutu kuandika 7/4? Huo ndio mtindo wa Umoja wa Mataifa wenyewe, ambao makao yake yako New York, katikati ya watu wanaoanza na mwezi. Na karatasi za Meru kusomwa New York si jambo la jana. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda huko mbele ya Baraza la Udhamini kueleza jinsi Wameru walivyoondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Ngarenanyuki. Mji wenu na mlima wenu vina zaidi ya miaka 70 vikiandikia wageni.

Leo anayeandikia wageni zaidi ni mtu wa utalii. Tuseme ofisi ya safari inaweka nafasi ya mteja wa Marekani: 06/04. Kwa mteja hiyo ni tarehe 4 Juni, masika yamekwisha na nyasi zinaanza kukauka, majira mazuri ya kutazama wanyama. Kwa mwandishi wa Arusha ni tarehe 6 Aprili, masika yamepamba moto, barabara za mbugani ni tope tupu na baadhi ya kambi zimefungwa. Au mteja wa Mlima Meru. Kwa kawaida safari ile ni ya siku tatu au nne, kuanzia lango la Momella, kulala Miriakamba kisha Saddle, na askari mwenye bunduki akiwa mbele. Vitanda vina hesabu yake, askari ana zamu yake, wapagazi wameitwa kwa siku fulani. Tarehe ikigeuka, si mtu mmoja anayepoteza. Mpagazi aliyekataa kazi nyingine kwa ajili ya siku hiyo hatalipwa na mtu.

Sasa tazameni nyaraka ambazo mteja huyohuyo anakuja nazo mkononi. Tiketi ya ndege inasema 06APR au 04JUN. Pasipoti yake ya Marekani, iliyotolewa na serikali ya nchi inayoanza na mwezi, imeanza na siku, kisha mwezi kwa herufi, kisha mwaka. Viza ambayo ubalozi wa Marekani humbandikia Mtanzania ina mtindo huo. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa maelekezo ya Shirika la Afya Duniani, hujazwa siku, mwezi kwa herufi, mwaka. Jeshi la Marekani nalo katika nyaraka zake huanza na siku na kuutaja mwezi kwa jina. Maana yake ni kwamba hata Wamarekani, penye gharama ya kukosea, huuacha utaratibu wao wa nyumbani na kuja kwenye wetu, kwa sharti moja la mwezi kusomeka.

Najua jibu la kwanza litakalokuja. Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho: mgeni anakuja kwetu, ajifunze yetu, kwa nini sisi ndio tujipinde? Hoja ina heshima yake, na mimi ni wa mwisho kutaka Arusha ianze kuandika mwezi mbele ili kumpendeza mtu. Lakini fomu ya kuweka nafasi inasomwa mgeni akiwa bado kwao, hajafika kwa wenye chongo. Isitoshe, kuandika 6 Aprili hakumwachii mgeni chochote chetu. Siku imebaki mbele pale tulipoizoea. Kilichoongezwa ni herufi chache. Wapo pia watakaouliza mbona saa zetu zinawachanganya wageni vilevile na hatulalamiki. Saa ya Kiswahili inatofautiana na yao kwa saa sita, siku zote. Ukishaambiwa mara moja umemaliza. Tarehe haina kanuni ya namna hiyo. Ukiiona 6/4 hakuna hesabu itakayokuambia aliyeiandika alikuwa na desturi gani.

Jibu la pili ni la vijana: kompyuta itarekebisha. Kompyuta hairekebishi, inakisia kwa mipangilio iliyowekewa, na nyingi zinauzwa zikiwa na mipangilio ya Marekani. Jaribuni kwenye Excel iliyo katika hali hiyo. Andikeni 25/7/2025, itakaa upande wa kushoto wa kisanduku kama maneno matupu, kwa sababu programu imeshindwa kupata mwezi wa 25. Andikeni 5/7/2025, itarukia upande wa kulia, ishara kwamba imekubaliwa kuwa tarehe, nayo imehesabiwa kuwa 7 Mei. Katika safu moja ya orodha ya wateja au wanafunzi, zilizo salama zimekataliwa na zilizopotoshwa zimepokewa. Mkiona orodha ambayo tarehe zake nyingine zimeelemea kushoto na nyingine kulia, msiipange wala kuituma kokote kabla ya kuikagua upya.

Kwa mafaili ya kompyuta, kwa kweli, dawa ni nyingine, na hapa nakubaliana na wanaopenda mwaka utangulie. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilitoa mwaka 1988 kiwango namba 8601 kinachopanga mwaka, mwezi, siku: 2025-07-05. Sijui taifa lolote lenye desturi ya kuandika mwaka kisha siku kisha mwezi, kwa hiyo hapo hakuna pa kukosea, na mafaili hujipanga yenyewe kwa mfuatano. Msiseme ni ugeni. Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) mliyonayo mfukoni ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa kwa mpangilio huohuo. Ila sitarajii mtu aandike kadi ya mchango wa harusi namna hiyo, wala barua ya posa. Vya mashine vifuate mashine. Vya kusomwa na watu viwe na jina la mwezi.

Pingamizi la tatu ndilo zito kwangu, kwa kuwa halitokani na ubishi. Watu wetu wengi hawasemi Aprili. Wanasema mwezi wa nne. Namba kwao ndiyo jina lenyewe la mwezi, na ukimwambia karani wa mtaa aandike Agosti anaweza kuhesabu kwa vidole kwanza. Hilo ni kweli, na ndiyo maana siombi mazungumzo yabadilike, wala daftari la duka, wala tangazo la kikao cha ukoo lililobandikwa sokoni Kilombero. Naomba karatasi zinazosafiri tu. Nazo ziko chache kuliko tunavyodhani: cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo, cheti cha shule, barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, kadi ya kliniki ya mtoto, risiti na mikataba ya wateja wa nje. Kuhusu lugha msihangaike. Majina yetu ya miezi, kuanzia Januari hadi Desemba, mtu wa Ulaya au Marekani atayatambua yote bila mkalimani.

Kati ya karatasi hizo, zenye tarehe ya kuzaliwa ndizo zinazoumiza watu wengi huku ughaibuni. Cheti cha kanisa au cha shule kikisema 3/7/1988, karani wa huku akiingiza Machi 7, kumbukumbu hiyo inahamia kwenye bima, leseni na maombi ya ukaazi. Miaka kumi baadaye inakutana na pasipoti inayosema 3 Julai na namba ya NIDA inayoanza 19880703, na mwenye nayo anatakiwa athibitishe kwamba yeye ni mtu mmoja. Hapo kuna viapo, wakili, barua kwenda RITA, wakala wa usajili wa vizazi, na nauli za ndugu wa kufuatilia Arusha, yote kwa ajili ya neno ambalo lingeandikwa bure.

Basi mapadri, wachungaji, walimu wakuu na watendaji wa kata, nawaomba mtazame muhuri wa tarehe ulioko mezani kwenu, ule wa kuzungusha kwa kidole. Mihuri mingi ya aina hiyo huja na mwezi kwa herufi tatu, AUG au SEP. Mara nyingi barua moja inakuwa na tarehe mbili, ya muhuri inayosomeka popote duniani na ya kalamu juu yake iliyoandikwa 12/8. Aliyeshika kalamu aige muhuri. Na kama mnaona AUG ni ya Kiingereza mno, wachonga mihuri wapo hapo mjini; waagizeni mwenye AGO.

Wenu,
ndugu yenu wa ughaibuni