Mbwa Husema Kabla ya Kuuma



Wapo jamaa zetu wa Pwani waliopata riziki zao bara, katika milima ya Kisii na Nyamira: huyu mwalimu, yule mfanyabiashara, na mwengine ameolewa huko. Watoto wetu huwazuru wakati wa likizo. Huko nyumba zimekaribiana kati ya migomba na majani chai, na mbwa wa ulinzi, ambaye Wagusii humwita esese, ni jambo la kawaida uani. Sheria yetu nayo imeruhusu mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa mawindo.

Sisi tumewalea watoto wetu kumwepuka mbwa kwa ajili ya tohara, na hilo ni jema. Lakini anayemwepuka mnyama bila ya kumjua humwona akaanza kukimbia, na mwenye kukimbia hufukuzwa. Hivyo basi, wazazi wenzetu, tuwafunze pia lugha yake.

Mara nyingi mbwa huonya kwanza. Hugeuza uso, hupiga miayo asiye na usingizi, hulamba midomo pasipo chakula. Hapo anaomba aachwe. Asipoachwa, mwili hukakamaa, manyoya ya shingoni husimama, macho hukodoa hata weupe wake ukaonekana, kisha huunguruma na kufunua meno. Mkia usitudanganye: ukiwa juu, mgumu, ukitikisika upesi, hiyo si furaha. Na mbwa aliyefyata mkia na kulaza masikio ana hofu, na mwenye hofu huuma akikosa pa kutokea. Mwenye mbwa naye asimpige kwa kuunguruma. Akinyamazishwa hivyo, huenda kesho akauma bila ya onyo.

Mtoto asimkaribie mbwa anayekula, aliyelala, aliyefungwa au mwenye watoto. Akijiwa na mbwa, asimame kimya, mikono ubavuni, asimkazie macho, kisha arudi nyuma polepole. Akiangushwa, ajikunje na kufunika shingo na masikio.

Iko dalili kubwa kuliko hizo: mbwa aliyebadilika ghafla, mpole akawa mkali au mkali akawa mnyonge, anayetokwa na udenda na kushindwa kumeza. Huyo huenda ana kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba karibu maambukizi yote ya ugonjwa huu kwa binadamu hutokana na mbwa, na kwamba katika kila watu 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao, 40 ni watoto walio chini ya miaka 15. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vyake ifikapo mwaka 2030. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, kupona ni nadra mno.

Kwa hivyo mtoto akiumwa, au akiparuzwa tu, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali kuchanjwa, na sindano zote zikamilishwe. Hapa tunawausia mama zetu jambo moja. Sisi tuliosoma madhehebu ya Imamu Shafi twajua kuosha mara saba, moja kwa udongo. Udongo huo usitiwe jerahani, kwani waweza kuleta pepopunda. Wapo wanavyuoni waliosema sabuni hushika nafasi ya udongo, na sheria haikuja kumdhuru mja. Uhai kwanza, nguo na mwili vitatoharishwa baadaye.

Mtoto naye asigombezwe, asije akaficha jeraha kwa kuogopa fimbo. Tumwambie kabla ya safari: ukiumwa, sema siku hiyo hiyo, hatutakuadhibu. Na wenyeji wetu wa Kisii na Nyamira wenye mbwa wawachanje kila mwaka. Hiyo ni haki ya mgeni na ya jirani.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu. Amin.